Kiti cha Bwana Maji ya Moto

Ndizi zimeshafukiwa, mwanangu. Zimefukiwa leo mchana kwa baba yako mkubwa Elia, wakati wewe umekwenda Kasulu mjini kuchukua tiketi, na aliyezipanga shimoni ni mimi mama yako, kwa mikono yangu hii. Kuganduka kwa baba yako hakutangoja miaka miwili mpaka urudi. Kunafanyika wiki hii hii. Pombe itakuwepo, na wewe hutakuwepo.

Sasa ndiyo nikusalimu. Hujambo, Ombeni wangu? Basi halijakuchafua tumbo? Kama umenisikia nilivyokuagiza, unaisoma barua hii mmeshapita Kibondo. Kama umeifungua kabla, sikulaumu, umenirithi mimi, maana baba yako alikuwa anaweza kukaa na bahasha mezani siku nzima bila kuigusa.

Habari za kufua, kula na kujifunika chandarua sikuandikii. Hayo alikufundisha baba yako kuliko mimi. Shati jeupe unalipiga pasi kuliko binti yeyote wa Nyakitonto, na hilo nimelisema mpaka kwenye mashine ya kusaga, wakanichoka. Nimetamba, mwanangu, sikufichi. Suti mbili! Nani hapa kwetu ana mtoto mwenye suti mbili? Hata yule anayegombea udiwani, anayepita na gari la kampeni kila siku akitutimulia vumbi, ana koti moja tu na mikono imemzidi. Nimewaambia wote kwamba mwanangu anakwenda Zambia kuhubiri, na kwamba huko ataitwa Mzee. Mke wa Elia akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee na ndevu hana?" Nikamjibu, ndevu hata beberu anazo.

Lakini usiku huu kutamba kumeniishia. Acha nikueleze ilivyokuwa, tena taratibu, maana wewe umekulia kwenye nyimbo za baba yako na mambo ya kwetu hukuyaona kwa karibu.

Mtu mwenye nyumba akifa, nyumba inakaa msibani mpaka siku ya kuganduka. Hiyo ndiyo siku ya kuumaliza msiba. Kabla ya hapo posa haipokelewi, sherehe haifanywi. Siku hiyo ikifika, pombe ya ndizi inawekwa uani, kiti cha marehemu kinatolewa nje, na mtoto wake wa kwanza wa kiume anakalishwa pale na kupewa mrija anywe kabla ya watu wote. Akishakunywa, nyumba ni yake. Neno lake ndilo neno la nyumba: shamba, kahawa, mahari ya dada zake, hata mimi mama yake. Asipokaa yeye, anakaa mwingine wa ukoo, na neno linakuwa la huyo. Halirudi tena.

Jana jioni Elia alikuja. Wewe ulikuwa umetoka kuwaaga vijana wenzako. Hakuingia ndani. Alikaa mlangoni pa jiko, kofia magotini, nikajua ana jambo.

"Mama Ombeni," akasema, "msiba huu umezidi mwaka."

"Tulikubaliana tungoje mtoto arudi, shemeji."

"Mlikubaliana wewe na mtoto. Mimi nilinyamaza nikidhani mtapata akili. Wakwe wa binti yako Rehema wamenitumia mtu kutoka Kasulu. Wanataka kuleta posa. Italetwaje kwenye nyumba ya msiba? Au na Rehema angoje miaka miwili? Yule kijana atangoja? Wewe ungengojwa?"

"Mimi ningengojwa."

"Wewe ndiyo," akasema, na tukacheka wote wawili.

Nikamwambia, basi tufanye bila pombe. Tutachinja mbuzi, nitapika uji wa ulezi, tutasali, watu watashiba waende. Aliruka kama nimemmwagia maji. "Uji! Nimganduke ndugu yangu kwa uji, kama nimezika mtoto mchanga? Watu wangu nitawaangaliaje?" Akashusha sauti. "Mwambie Ombeni abaki, wiki moja tu. Akae kwenye kiti cha baba yake, auguse mrija kwa midomo, hata asimeze. Kisha aende zake Zambia na suti zake."

"Hataugusa."

"Najua hataugusa. Si aliupindua mtungi wangu siku ya mazishi, mbele ya wazee wote? Mzee gani huyo anaogopa mrija?" Kisha akasema kitu ambacho kimekaa nami mpaka sasa. "Asipokaa yeye nitakaa mimi. Usione ni tamaa, shemeji. Nilimnywea ndugu yangu siku ya posa yake. Na hii nitamnywea."

Hayo ya posa hatukuwahi kukusimulia vizuri, baba yako aliona haya kwa ajili ya Elia. Mimi sioni haya.

Nilikuwa binti Mabamba, kule mpakani, na mama yangu alikuwa mpika pombe. Mimi nilimpita. Hilo lilijulikana mpaka ng'ambo Burundi, watu walikuwa wanavuka siku ya soko kuulizia pombe ya yule binti. Wakaja mafundi ujenzi kujenga madarasa. Jioni wote wanakuja kwetu kunywa, na mmoja anakuja nao, anakaa katikati yao, anaomba kikombe cha maji ya moto. Maji ya moto matupu! Hana hata jani la chai ndani. Mama akanituma nimuulize.

"Fundi, una vidonda vya tumbo?"

"Hapana, dada. Ni dini."

"Dini gani inakataza chai?"

"Mimi ni Mmormoni. Nilibatizwa Dar es Salaam nilipokuwa kibarua."

"Hiyo ni kampuni ya wapi?"

Alicheka mpaka maji yakamwagika. Hapo hapo mafundi wenzake wakaniambia jina lake kwao ni Bwana Maji ya Moto, na jina hilo lilimfuata mpaka kaburini. Mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa mtu pekee pale ambaye asubuhi alikumbuka nilichomwambia jioni.

Siku ya posa alikuja na kaka yake Elia. Baba yangu akaweka mtungi, akaweka mrija, mkwe anywe kwanza waone moyo wake. Baba yako akasimama, akavua kofia, akasema kwa heshima kwamba hawezi. Baba yangu akaanza kuinuka aingie ndani, na wewe unajua, baba wa binti akiingia ndani posa imekataliwa. Elia akaushika mrija. "Baba mkwe," akasema, "tumbo la ndugu yangu na langu limetoka mahali pamoja." Akainama, akanywa, akanywa, hakuinua kichwa mpaka mrija ukalia. Baba yangu akamtazama, akasema, "Na binti sasa nimpe nani kati yenu?" Watu wakavunjika mbavu. Nikaolewa hivyo. Kwa hiyo Elia akisema atamnywea, mimi sina la kumjibu. Nisingekuwa mke wa mtu bila mdomo wake.

Nilipokuja hapa Nyakitonto niliendelea kupika. Watu wanasema baba yako alinikataza. Mimi kukatazwa! Alisema, "Biashara ni yako, Mama Ombeni. Mimi nitawabeba wateja." Nikadhani ni utani. Kumbe jioni, wakishalewa, anatoa baiskeli, anampakia mmoja nyuma, anamfunga kwake kwa mpira wa kufungia mizigo, anampeleka mpaka mlangoni kwake, anarudi kuchukua mwingine. Mimi huku nasikia bondeni: "Bwana Maji ya Moto, usiniangushe!" Na yeye: "Acha kucheza ngoma huko nyuma, hutaanguka!" Walimpenda. Walimcheka, na walimpenda. Alikaa kwenye kila pombe ya kijiji hiki, ya harusi, ya msiba, ya kuvuna, na kikombe chake, na alikuwa wa mwisho kuondoka maana alikuwa na watu wa kubeba.

Siku moja ya Jumamosi alirudi mmoja amemtapikia mgongo mzima. Nilimkuta uani analifua lile shati jeupe peke yake, analisugua kola, anainua kwenye mwanga, anasugua tena, kwa sababu kesho yake ni Jumapili na alikuwa na hilo moja. Nikasimama nyuma yake. Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea, na yeye hakuniuliza lolote nijitetee. Wiki iliyofuata sikufukia ndizi. Na yeye hakuuliza kwa nini. Mpaka anakufa hakuuliza. Ndivyo alivyokuwa, na mimi mpaka leo nikimkosesha mtu namngoja anigombeze, asiponigombeza ndiyo naumia.

Chai sikuiacha, ujue. Nilikuwa nakunywa kwa jirani. Nikirudi ananusa, anasema, "Leo jirani alikuwa na tangawizi?" Basi.

Nyinyi mlimjua wa Jumapili. Kanisa lao liko Mwanza, siku nzima ya basi, alikuwa anakwenda akipata nafasi, na ndiko alikonipeleka nami nikabatizwa. Jumapili nyingine zote kanisa lilikuwa sebule yetu. Tai shingoni, anasimama mbele yetu, mimi na nyinyi wawili, anasema "Ndugu zangu" kama kuna watu mia. Kuku anaingia, anamngoja atoke, anaendelea. Nilikuwa naona aibu, nafunga dirisha watu wasione. Siku hizi nikipita ile sebule natamani ningelifungua.

Na Jumatatu. Nani hapa alikuwa na mume wa Jumatatu kama wangu? Jioni mlango unafungwa, simu inazimwa, bisi zinakaangwa, tunaimba, kila mtu anasema jambo lililomkuta, yeye anachezesha ule mchezo wa kuficha jiwe. Majirani waliamini tunahesabu hela. Elia akaja siku moja kuchungulia dirishani. Baba yako akamfungulia, akampa bakuli la bisi, na Elia akaficha jiwe kama mtoto, akamwibia Rehema, wakagombana. Tangu hapo akawa anapita Jumatatu "kwa bahati tu". Huyo ndiye mtu unayemwona adui, mwanangu.

Kisha ile homa. Macho yakawa manjano, tumbo likajaa. Kasulu wakasema ni ini. Wewe ulikuwa umekwenda shule, hukuyasikia yaliyosemwa na watu, na mimi sikukuandikia. "Ini! Kumbe alikuwa anakunywa kwa siri." Mtu ambaye hakuwahi kulowesha ulimi! Daktari mmoja kijana alinikalisha akanieleza kwamba kuna virusi vya ini, vinampata hata mtoto, hata asiyejua pombe inanukaje. Nikatoka pale nikazunguka nyumba kwa nyumba kueleza. Ndiyo mama Ombeni, pole mama Ombeni, karibu chai mama Ombeni. Nikigeuka nasikia kicheko. Sokoni nilimshika mama mmoja kanga, tukavutana mpaka nyanya zake zikaanguka. Nilirudi nyumbani, nikamwambia baba yako kila kitu, nikidhani nampa dawa. Alikuwa amelala ubavu, hawezi hata kugeuka. Akasema, "Waache, Mama Ombeni. Wakisema nilikunywa, angalau wameniona mwenzao." Akacheka, na kucheka kukamuumiza, akanishika mkono mpaka kukapita.

Nimepigana vita vyake vyote, Ombeni, na hakuna hata kimoja alichoniomba. Urafiki nilioupoteza kwa ajili ya jina lake, yeye angeuponya kwa kikombe cha maji ya moto. Nakwambia hili kwa sababu ya ule mtungi wa mazishi. Nilikuona ulivyoupindua, nilikuona uso, na nitakwambia ukweli: moyo wangu ulifurahi. Nikasema, huyo ni mwanangu! Lakini huyo alikuwa mwanangu kweli, hakuwa wa baba yako. Baba yako alikaa kando ya mitungi maisha yake yote ya ndoa na hakupindua hata mmoja. Na Zambia nao watakuwa na mitungi yao.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Unajua hamu yake ilikuwa moja. Lile hekalu lao la Afrika ya Kusini, ambako mume na mke na watoto wanaunganishwa, kifo kisiwaachanishe. Kila alichokivuna alikuwa akitazama huko, na kila mara kitu kinaingia katikati, ada, bati, ugonjwa. Siku za mwisho alinitazama akasema, "Nimeshindwa kuwafikisha." Nikamwambia, hujashindwa, umepata mke mzuri kuliko wote wa Kasulu na Kibondo, unataka nini tena? Akasema, "Nakutaka na huko." Halafu: "Ombeni atafika." Nikasema, baba, usimfunge mtoto. Akasema, "Simfungi. Nasema tu kwamba atafika."

Na wewe umeniambia mwenyewe kwamba kabla ya Zambia utapitia huko, na kwamba mtoto anaweza siku moja kusimama mahali pa baba yake, nikaunganishwa naye hata kama yuko chini ya udongo. Mimi sielewi yote. Kuna siku nasali Salamu Maria kama nilivyofundishwa Mabamba, halafu namalizia kwa namna ya baba yako, Mungu atachambua mwenyewe. Lakini nalala kitandani upande wangu, ule wake nauacha wazi, na sijui kama huko aliko mimi bado ni mke wake. Hakuna wa kumuuliza. Nikuulize wewe, mtoto niliyekubeba mgongoni?

Ndiyo maana sikukwambia jana. Najua ungewapigia simu Mwanza, wangesogeza siku, ungebaki. Na ungebaki kufanya nini? Nimeyapindua haya tangu jana. Labda ungebaki uipindue mitungi tena, na Elia angekulaani, na Rehema posa yake ingeishia hapo. Labda ungebaki, ukanitazama, ukanihurumia, ukaugusa ule mrija kwa ajili yangu. Nawe siyo mtu wa kugusa kitu nusu. Ungekwenda Zambia na aibu, au usingekwenda, na hekaluni usingefika. Nikaona hili linanivunja, na lile linanivunja. Nikasema, acha aende bila kujua. Sasa nakaa hapa na kalamu na naona kwamba na hilo siwezi, maana kiti ni cha baba yako na ni haki yako ujue siku kitakapokaliwa na mtu mwingine. Mama wa namna gani huyu, hawezi kusema na hawezi kunyamaza?

Elia alitaka mke wake ndiye aipike. Nikakataa. Pombe ya yule mwanamke ni maji ya kuoshea vyombo, na baba yako hatagandukwa kwa maji ya vyombo watu wakamsema tena. Kama lazima iwe pombe, itakuwa ya yule binti wa Mabamba. Nikaenda nikawasha moto shimoni, nikautoa, nikatandaza majani, nikazipanga ndizi, nikafunika, nikashindilia udongo. Mikono haikuwa imesahau kitu hata kimoja. Niliichukia. Elia alisimama pembeni ananiangalia, akasema, "Shemeji, angekuwepo angekuja na baiskeli yake." Nikaendelea kushindilia.

Jioni hii ilikuwa Jumatatu. Uliwasha taa ukakaa pale alipokuwa anakaa, ukakaanga bisi mwenyewe, ukaongoza wimbo. Sauti yako imeshakuwa yake. Uliponiambia, "Mama, leo utuombee wewe," nikafungua mdomo pakatoka kilio tu, ukadhani nalia kwa sababu unaondoka. Rehema alikuwa anatazama sakafu. Yeye anajua. Alipokuwa ananisaidia kuosha mabakuli aliniambia, "Mama, mwache kaka aende, wale wakwe waambie wasije, mimi nitakaa na wewe." Nikamwambia anyamaze. Nina watoto wawili, na kila mmoja yuko tayari kujikata ili mwenzake apone, na mimi niliyewazaa sioni hata kisu cha kuwanyang'anya. Nimebaki kuwatazama.

Simu yako umemwachia Rehema, kwa hiyo sitakusikia. Umesema kanisa linawaruhusu kupiga nyumbani mara mbili kwa mwaka, Krismasi na siku yao ya akina mama. Sawa. Mimi nitaishika hiyo simu hata kwenye kahawa. Ukipiga usiniambie habari za hali ya hewa. Niambie umecheka na nani.

Basi litasimama Nyakanazi watu wale chakula. Pale pana magari ya kwenda mbele na magari ya kurudi huku, na nauli ninajua unayo. Sikwambii ushuke. Sikwambii uendelee. Ningekuwa na neno ningekupa, unanijua, mimi si mtu wa kubana maneno. Kama ukienda mbele, nitakaa pembeni ya Elia atakapokaa, nitamtazama anainama kwenye mrija, na sitamlaumu, na wewe usimlaumu, na neno la nyumba litakuwa lake hata ukirudi. Kama ukirudi, nitakupokea, na sitakuuliza mbele ya watu umerudi kufanya nini. Sijui ni lipi kati ya hayo ninaliombea. Kila nikipiga magoti naanza moja, namaliza na jingine.

Ndizi zitafukuliwa Alhamisi, zikamuliwe. Ndugu zangu wa Mabamba wanaingia Ijumaa, pamoja na wale wa ng'ambo waliokimbia vurugu za Burundi, maana nao walimjua. Wakwe wa Rehema wamesema watatoka Kasulu alfajiri. Mafundi wenzake wale wazee wanakuja, na wale wote aliokuwa anawabeba nyuma ya baiskeli, waliobaki hai, wamesema hawakosi hata mmoja. Kiti chake nimekipangusa leo, kiko chumbani kwangu, na kitatolewa nje jua likishachomoza.

Watu wote wanategemewa Jumamosi, mwanangu. Ni Jumamosi hii.